Hita Mpya na Ndoo za Bibi Dokia

Kila siku ya shule, saa tisa na nusu alasiri, basi lilimshusha Kalyna Dutchak kwenye kona ya mtaa wetu hapa Dauphin, mji wa baridi kali. Kabla sijamaliza kujimiminia chai, nilisikia pa! pa! pa! kutoka gereji ya kwao. Alikuwa akipiga kile kidude cheusi cha mpira kwa gongo lake la hoki, akilenga goli lililowekwa kule nyuma ndani. Dirisha la jikoni kwangu linatazamana na gereji hiyo. Nimeishi miaka arobaini na miwili nikiitazama, na msidhani ni umbea. Dirisha liko pale, nifumbe macho?

Kalyna alikuwa na miaka kumi na miwili, mwepesi wa miguu, mzuri wa hesabu, na mvivu wa jambo moja tu: kusukuma theluji kwa beleshi. Alikuwa akiishi na mama yake, Lesia, ambaye ni muuguzi, na babu yake, Mzee Prokip. Bibi yake, Dokia, alifariki Oktoba. Alikuwa rafiki yangu, na nilimwonea wivu kwa muda wote niliokaa nikitazama gereji yake.

Wivu wenyewe ulikuwa wa pirohi. Unga uliokandwa unatandazwa, unakatwa miduara, unajazwa viazi na jibini, unakunjwa kama sambusa na kubanwa ukingoni, kisha unachemshwa. Kila mtu hapa anajua kuzipika, lakini za Dokia zilikuwa za kwanza kwenye ukumbi wa kanisa mwaka nenda mwaka rudi. Zangu zilikuwa za pili. Wenye ulimi mbaya husema za nne. Kidole gumba chake cha kulia kilivunjwa na mlango wa zizi alipokuwa msichana, kikapona kikiwa kimepinda. Kila alipobana ukingo wa pirohi, kidole hicho kiliacha alama ndogo kama mwezi mchanga. Ungezitambua pirohi zake hata ukizikuta sokoni.

Septemba ile, viazi vipya vilipotoka shambani, alitengeneza nyingi mno, akazitia kwenye ndoo tupu za aiskrimu. Novemba, friza ya ndani ilipojaa nyama ya mawindo, Mzee Prokip alizihamishia gereji pamoja na ndoo nyingine, kama tufanyavyo wote. Gereji isiyo na joto ni friza ya bure hadi Machi. Shida yake ni moja tu: ndoo zote zinafanana. Imeandikwa vanila, ukifungua unakuta kabichi. Watoto wa mtaa huu hujifunza mapema kutoamini maandishi.

Tulipotoka makaburini, Mzee Prokip alitwambia, "Usiku wa Mlo Mtakatifu tutazila zile za mwisho za Dokia. Sahani yake itakuwa na zake mwenyewe. Baada ya hapo, basi. Hakuna nyingine duniani."

Usiku huo, mkesha wa Krismasi kwa kalenda ya kanisa letu, ni Januari sita, na hatuli hadi nyota ya kwanza itokee. Meza inakuwa na vyakula kumi na viwili, na nafasi moja huachwa wazi kwa aliyetangulia. Kiti cha Dokia kilikuwa kimelegea mguu, na mzee akaapa kwamba hataweka kiti kibovu kwenye nafasi ya mkewe. Akakipeleka gereji akapaka gundi. Nje kulikuwa na nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Gundi ikaganda kama asali ya zamani, mguu ukadondoka.

"Nanunua hita," akasema. "Ya umeme. Kalyna, wewe utachagua. Mimi na maandishi madogo hatuelewani."

Kalyna karibu aruke hadi darini. Gereji yenye joto! Angecheza bila kuvaa glavu tatu, moja juu ya nyingine. Nataka niseme ukweli juu ya mtoto huyu: kazi aliifanya vizuri. Alipima urefu, mita saba, upana, mita sita, na kimo. Aligonga kuta akasikiliza kama zimejazwa sufi ya kuzuia baridi. Akapiga picha boksi la swichi za umeme ili muuzaji aone kama lina nafasi ya laini kubwa. Yote akayaandika kwenye daftari kwa mwandiko safi.

Jumamosi asubuhi tulikwenda dukani kwa Lloyd. Mimi nilikwenda kununua mitego ya panya. Mzee Prokip alikamatwa mlangoni na mtu wa habari za uvuvi wa kwenye barafu, akasimama huko. Kalyna akabaki na Lloyd mbele ya hita.

Lloyd alilisoma lile daftari, akapiga mluzi. "Nani kapima hivi? Wengine huja hapa wakaniambia gereji yao ni 'kubwa kiasi'."

"Mimi."

"Basi sikiliza, binti. Hita ndogo ya kuchomeka ukutani isahau. Itapasha vidole vya miguu vya paka. Kwa gereji yako kuna mbili. Hii ya kwanza ni ya kumulika. Inafungwa darini, inapasha kile inachokitazama, kama jua. Ukiielekeza kwenye meza ya babu yako, babu atapata joto, lakini kule nyuma kutabaki kumeganda. Hii ya pili ina feni. Inapasha hewa yote, pembe zote nne."

"Goli langu liko nyuma," Kalyna akasema.

"Babu yako anataka nini?"

"Gundi ikauke."

"Kwa gundi, ya kumulika inatosha. Ila nikuulize swali ninalowauliza wote, maana watu wa mji huu nawajua. Kuna kitu humo ndani hakitakiwi kuyeyuka?"

Nilikuwa upande wa pili wa rafu, na mitego yangu. Nikasikia sauti nyembamba ikisema, "Hakuna."

Nilijua kipo. Ndoo kumi na mbili za Dokia zilikuwa kwenye sanduku la mbao kule nyuma, karibu na goli. Nilifungua mdomo, kisha nikaufunga. Nilijiambia kwamba babu yake atazihamisha. Lakini kulikuwa na sababu nyingine, ambayo nitaisema wakati wake. Mazungumzo ya ndoo za Dokia mimi sikuyapenda.

"Basi chukua ya feni," Lloyd akasema. "Nitakuja kuifunga leo saa tisa. Wiki ijayo sina nafasi."

Garini Mzee Prokip alipoelezwa kwamba hita itapasha gereji nzima, alikuna kidevu. "Nzima? Haya, wewe ndiye fundi wa hesabu. Lakini kabla Lloyd hajafika, ndoo zote ziende kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba. Zile nne zilizo juu ya sanduku, na za bibi yako zilizomo ndani. Ningekusaidia, ila mgongo huu siku hizi ni wa mapambo tu."

"Sawa, Babu."

Kutoka gereji hadi banda la mabati ni hatua thelathini, lakini siku ile theluji ilifika magotini, na njia haikuwa imesukumwa. Nilimwona dirishani. Alibeba ndoo mbili za juu, akazama, akatukana kwa sauti ndogo, akarudi. Akabeba mbili nyingine. Wakati huo rafiki yake Jorja akatokea na gongo begani.

"Ee, Kaly! Mbona unatembea kama bata? Hita iko wapi?"

"Inakuja saa tisa. Nisaidie ndoo, zimebaki kumi na mbili."

"Mimi? Sikuja kubeba supu za bibi yako. Tutazibeba kesho, tukishasukuma njia."

Wakacheka. Kalyna akachukua turubai kuukuu la hema, akalifunika sanduku. Lloyd alikuja, akafunga waya zake. Feni ilipoanza kuvuma, Mzee Prokip akasimama mlangoni akiwa amevua kofia.

"Ndoo umezihamisha?"

"Nimezihamisha, Babu."

"Zote?"

"Zote."

Hakwenda kutazama. Kwa nini aende? Mtoto aliyepima hadi kimo cha dari angeshindwa kuhesabu ndoo?

Kesho yake njia haikusukumwa. Jorja alikuja, wakacheza hadi mashavu yakawa mekundu. Keshokutwa walikwenda kwenye mechi mjini Roblin, wakashinda, na Kalyna akafunga bao moja. Alikumbuka sanduku siku ya tatu. Alinisimulia mwenyewe baadaye. Aliinua turubai, akafungua ndoo ya juu, akabonyeza kwa kidole. Pirohi za juu zilikuwa laini, zimeanza kushikana. Akatia mkono hadi chini. Chini kulikuwa bado jiwe.

Angepiga kelele wakati ule, tungeokoa nusu. Labda zaidi ya nusu. Lakini babu yake alikuwa kwenye meza ya kazi amempa mgongo, amekibana kiti cha Dokia kwa vibano viwili, gundi imeshika vizuri, na alikuwa akipiga mluzi. Tangu Oktoba mzee huyo hakuwa amepiga mluzi. Kalyna akasimama na kidole chake kimelowa unga. Kisha akafunga ndoo, akarudisha turubai.

Siku zilizofuata, Mzee Prokip alitafuta mahali pa kukaa akikwaruza rangi ya zamani kwenye kiti. Akakalia nini? Akalikalia lile sanduku, akidhani ni tupu, nami nilidhani vivyo hivyo. Kila alasiri niliona kisogo chake dirishani, amekaa juu ya turubai kama mfalme, hita ikimpulizia upara. Siku moja aliniita nikaone.

"Stefka, njoo uonje joto! Mjukuu wangu kachagua hita ya wafalme."

"Naona," nikasema. "Hata panya watahamia kwako. Nimenunua mitego bure."

Kalyna alikuwa pale. Hakucheka. Hakupiga mpira pia. Nilidhani anaumwa.

Asubuhi ya Januari sita nilikuwa jikoni naloweka uyoga, nikamwona Kalyna amesimama kwenye theluji katikati ya uwanja wao, bila kofia, bila glavu, anatazama banda la mabati. Alisimama muda mrefu sana. Nikafungua dirisha.

"Wewe! Masikio yako umeyachoka? Ingia humu."

Akaingia. Nikampa kikombe cha chai, akakishika kwa mikono miwili.

"Bibi Stefka, mama amenituma nikalete pirohi."

"Basi kalete."

"Bandani hakuna pirohi. Nimefungua zile ndoo nne. Zote ni kabichi."

Nikaketi. Akanieleza yote, tangu "hakuna" ya dukani hadi kidole chenye unga. Alipomaliza alishika mkono wangu. "Waambie wewe, tafadhali. Babu anakusikiliza."

"Babu yako hajanisikiliza tangu nilipomkataza kununua lile gari la kijani. Utamwambia mwenyewe. Mimi nitasimama nyuma yako, na nikiona unakimbia nitakushika koti."

Jikoni kwao Lesia alikuwa amelaza nyasi kavu chini ya kitambaa cha meza, kama desturi. Mzee Prokip alikuwa akifuta kiti. Kiti kilikuwa kimependeza, ukweli ni huo. Kalyna akasimama katikati ya jiko.

"Babu. Mama. Ndoo za Bibi sikuzihamisha. Nilisema nimezihamisha, sikuzihamisha. Zimekaa kwenye joto siku zote hizi."

Lesia akaacha kijiko kikaanguka. "Zote?"

"Zote."

Mzee Prokip aliweka kitambaa chini, akavaa viatu, akatoka. Tulimfuata. Gereji ilikuwa na joto zuri, na ndani ya joto hilo kulikuwa na harufu kidogo, chachu, ambayo siku hizo zote mzee alidhani ni ya gundi. Akatoa turubai. Akafungua ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ndani kulikuwa na bonge moja la unga, la kijivu, limetoa maji. Akapiga magoti pale, akaanza kupitisha vidole kwenye lile bonge polepole, akiligeuza. Mwanzoni sikuelewa anachofanya. Kisha nikaelewa. Alikuwa akitafuta ukingo. Alikuwa akitafuta alama ya kile kidole.

Hakuipata. Alisimama kwa shida, akanyoosha mkono, akazima hita. Feni ikanyamaza.

"Babu, nisamehe," Kalyna akasema. Alikuwa akilia bila sauti.

"Ulijua lini?"

"Siku ya tatu. Za chini zilikuwa bado zimeganda."

"Siku ya tatu." Alifumba macho. "Na mimi nilikuwa hapa hapa."

"Ulikuwa unapiga mluzi."

Hapo Lesia akageuka akatazama ukutani. Mimi nilijiona tena nyuma ya rafu, na mitego yangu ya panya mkononi, nimefunga mdomo. Ile sababu nyingine niliyowaahidi, wakati wake ulikuwa umefika.

"Prokip," nikasema, "kabla hujamkasirikia mtoto, kuna mwizi humu gerejini."

Wakanitazama.

"Septemba nilipokuja kumsaidia Dokia, simu ililia, akaenda kuipokea. Nikachota mfuko mmoja wa pirohi zake nikautia kwenye koti. Nilitaka nikazichunguze nyumbani, nione anazibanaje. Ziko kwenye friza yangu chini ya samaki. Alipofariki nikaona aibu kusema. Na dukani nilimsikia Kalyna akimwambia Lloyd hakuna kitu, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa na langu."

"Ngapi?" mzee akauliza.

"Nilichukua ishirini na tano. Nilikula chache, za uchunguzi. Zimebaki ishirini."

Mdomo wake ulichezacheza, nusu kulia, nusu kitu kingine. "Miaka arobaini ukishika nafasi ya pili," akasema, "na hata baada ya kuiba hukujifunza."

"Ni kidole, Prokip. Kidole sikuweza kukiiba."

Tulibakiwa na saa tano kabla ya nyota ya kwanza. Lesia akachemsha viazi, mimi nikakanda unga, Kalyna akabana. Za mwanzo zilifunguka majini zikamwaga viazi vyote. Nikamwambia, "Bana kama unamfinya Jorja." Za pili zikashika. Alifanya kazi hadi jioni bila kuinua kichwa, na hakuna aliyemwambia apumzike.

Nyota ilipotokea tukaketi. Zile ishirini zilikuwa katika bakuli lao peke yake, kila moja na mwezi wake mchanga ukingoni. Mzee Prokip alitangulia kuweka nne kwenye sahani ya Dokia, mbele ya kiti kilichotengenezwa. Bakuli lilipomfikia Kalyna, akalipitisha.

"Chukua," babu yake akasema.

"Sistahili, Babu."

"Bibi yako hakuzipika kwa wanaostahili. Angezipika hivyo, Stefka hapa angekufa njaa." Akamwekea mbili. Kisha akaweka uma chini. "Sikiliza, Kalyna. Hita ulichagua kwa akili, vipimo vyako vilikuwa sawa hadi sentimita ya mwisho. Lakini Lloyd alikuuliza swali moja, na hesabu yote ilikuwa ndani ya swali hilo. Ukadanganya kwa kuogopa hatua thelathini za theluji. Hilo ni kosa la mtoto, nami ningelisahau. Siku ya tatu ndiyo inayoniuma. Siku ya tatu kulikuwa bado na kitu cha kuokoa. Ukikosea, mwanangu, sema wakati kule chini bado kumeganda. Usiningoje nimalize mluzi."

"Ndiyo, Babu."

Kalyna akala. Alitafuna polepole sana, machozi yakidondokea sahani, na sidhani kama alisikia ladha yake.

Wiki ile ile walikwenda kwa Lloyd. Kalyna ndiye aliyesema: "Uliniuliza kama kuna kitu kisichotakiwa kuyeyuka. Nilikudanganya. Kilikuwepo." Lloyd alivua kofia yake, akawabadilishia, akawapa ile ya kumulika. Sasa inaitazama meza ya mzee tu, na kule nyuma kumeganda vizuri. Kalyna anacheza na glavu tatu. Kila ndoo ina karatasi yenye mwandiko safi: kabichi, maharagwe, pirohi za Kalyna. Na njia ya banda la mabati inasukumwa kila asubuhi kabla basi halijaja. Naiona dirishani.

Limebaki jambo moja. Siku iliyofuata ule mlo nilivuka uwanja nikamkuta Kalyna na beleshi lake. Nikatoa kifurushi kidogo mfukoni.

"Jana nilisema ishirini," nikamwambia. "Zilikuwa ishirini na moja."

Akanikodolea macho. "Bibi Stefka! Hata jana? Mbele ya Babu?"

"Hata jana. Ila leo ni siku ya pili tu. Bado imeganda, bonyeza uone."

Akabonyeza, akacheka, mara ya kwanza tangu hita ile ivume. Kisha akaona ukingo wake, akaacha kucheka. Aliivua glavu, akaweka kidole gumba chake juu ya ile alama. Chake kimenyooka, hakikulingana nayo. Akaenda nayo ndani kwa babu yake, mbio, kabla haijapata joto la mkono.